Mapato ya mlangoni ya filamu za India na sababu ya mzazi kusubiri wiki ya pili

USIKU wa Desemba 4, 2024, baba, mama na watoto wao wawili walifika kwenye jumba la sinema la Sandhya katika jiji la Hyderabad, kusini mwa India. Walikwenda kuona onyesho la kwanza la Pushpa 2: The Rule, filamu ya Kitelugu ambayo mashabiki walikuwa wameisubiri kwa miaka mitatu.

Onyesho lilipangwa kuanza saa 3:30 usiku. Mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, Allu Arjun, naye alifika pale. Umati ulisukumana kuelekea mlangoni na familia ile ikatenganishwa. Mama alifariki dunia usiku huohuo. Mtoto wa kiume, wa umri wa shule ya msingi, alikimbizwa hospitali akiwa hajitambui, akalazwa kwa karibu miezi mitano.

Siku chache baadaye, kabla wiki haijaisha, watayarishaji walitangaza kwamba filamu yao imevuka krore 1,000 duniani kote. Tangazo hilo lilisambaa kwenye simu za watu kila kona, hadi huku Afrika Mashariki.

Habari hizo mbili zinatoka kwenye mlango mmoja. Biashara ya filamu India imejengwa juu ya haraka ya siku za kwanza, na haraka hiyo ndiyo huzaa namba kubwa ambazo watoto huzitaja nyumbani wanapoomba kuangalia filamu: "Mama, hii imevunja rekodi!" Mzazi anayejua namba hizo zinavyopatikana ana la kujibu.

LAKI NA KRORE

Msomaji wa Kiswahili anaijua nusu ya hesabu hii tayari. Neno laki, yaani 100,000, ni lilelile ambalo Wahindi hulitumia hadi leo, nalo lilikuja pwani pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Krore ni hatua inayofuata: laki 100, au milioni 10. Filamu ikisemwa imeingiza krore 1,000, maana yake ni rupia bilioni 10. Kwa kiwango cha fedha cha mwaka 2024, hizo ni karibu dola milioni 120 za Marekani.

Fedha hizo haziingii zote kwenye mfuko wa aliyetengeneza filamu. Namba inayotangazwa kwa kishindo huwa ni mapato ghafi, yaani kila rupia iliyolipwa dirishani. Humo mna kodi, ambayo kwa tiketi inayozidi rupia 100 ni asilimia 18. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye jumba la sinema, msambazaji na mtayarishaji. Ndiyo maana filamu yaweza kutangazwa imeingiza krore 300, na bado aliyeigharimia akawa amepata hasara.

Jambo la pili ni kwamba hakuna ofisi ya serikali ya India inayotoa hesabu rasmi ya mapato ya kila filamu. Namba hutoka kwa watayarishaji wenyewe, ambao ni wauzaji, na kwa wachambuzi wa biashara hiyo, ambao hukisia kutokana na ripoti za majumba. Pande hizo mbili hutofautiana mara kwa mara. Kwa hiyo namba zilizomo katika makala haya nazo ni za makadirio, ingawa zinatosha kuonyesha nani yuko mbele ya nani.

'YA KIHINDI' ISIYO YA KIHINDI

Wazee wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wanakumbuka foleni za Awara ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951 ambayo watu waliiona na kurudi kuiona tena. Wanakumbuka Mother India ya 1957 na Sholay ya 1975. Majumba kama Majestic na Cine Afrique pale Unguja, au Avalon na Empire pale Dar es Salaam, yalikuwa mahali pa familia kwenda pamoja wakiwa wamevaa vizuri.

Filamu hizo zote tatu zilikuwa za lugha ya Kihindi na zilitoka Bombay, ambayo leo inaitwa Mumbai. Hapo ndipo jina Bollywood lilipotokea, na tangu siku hizo, kwa watu wengi wa huku, kila filamu yenye sari na nyimbo ni "ya Kihindi".

India yenyewe haina lugha moja. Katiba yake inaorodhesha lugha 22, na kadhaa kati ya hizo zina viwanda vyake vya filamu. Hyderabad hutengeneza za Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Chennai ni kitovu cha Kitamil. Bengaluru hutoa za Kikannada. Jimbo la Kerala lina Kimalayalam. Kuna pia Kimarathi, Kipunjabi, Kigujarati, Kibengali na Bhojpuri.

Kwa miongo mingi filamu ya Kitelugu iliuzwa kwa Watelugu, ya Kitamil kwa Watamil. Ukuta huo ulianza kubomoka taratibu kupitia televisheni na YouTube, ambako filamu za kusini zilitiwa sauti za Kihindi na kuoneshwa bila malipo kwa watu wa kaskazini. Watazamaji walizoea sura za waigizaji wale kabla hata ya kuyajua majina yao.

Kisha mwaka 2015 mwongozaji S. S. Rajamouli alileta Baahubali: The Beginning, iliyopigwa kwa Kitelugu na Kitamil na kutiwa sauti kwa lugha nyingine. Sehemu ya pili ilipotoka Aprili 2017, ikawa filamu ya kwanza ya India kuvuka krore 1,000. Toleo lake la Kihindi peke yake liliingiza zaidi ya krore 500 nchini India, fedha ambazo hakuna filamu iliyotengenezwa kwa Kihindi chenyewe iliyokuwa imezifikia nchini humo hadi siku hiyo.

Hadi mwisho wa mwaka 2024, filamu nane za India zilikuwa zimetangazwa kuvuka krore 1,000. Tatu ni za Kihindi: Dangal, Pathaan na Jawan. Nne ni za Kitelugu: Baahubali 2, RRR, Kalki 2898 AD na Pushpa 2. Moja ni ya Kikannada, KGF: Chapter 2. Yaani tano kati ya nane zilitoka kusini, katika lugha ambazo watazamaji wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuzisikia majina.

Hata Jawan, ya Shah Rukh Khan, iliongozwa na Atlee, mtu wa filamu za Kitamil. Aliigiza nayo Nayanthara, nyota wa kusini, na muziki ulitungwa na Anirudh Ravichander wa Chennai. Kihindi kilikuwa lugha ya midomo, lakini mikono mingi ya kazi ilitoka kusini.

Upande wa pili, Kitamil chenyewe hakijaiona krore 1,000, ingawa kina Rajinikanth, mwigizaji anayeabudiwa na mashabiki tangu miaka ya 1970. Jailer na Leo, zote za 2023, zilifika karibu na krore 600. Zilijaza majumba Tamil Nadu, Malaysia na Singapore, lakini kaskazini mwa India hazikushika kama za Kitelugu.

Kwa hiyo mtoto anapoangalia kwenye simu au kwenye kibanda umiza filamu ambayo mtafsiri anaisimulia kwa Kiswahili, huenda anapata hadithi iliyopitia lugha tatu. Pushpa ilizaliwa Kitelugu, ikatiwa Kihindi, kisha ikamfikia kwa Kiswahili cha mtaani. Pale inapokosa maana, huenda imeipotezea njiani.

SIKU TATU ZA KWANZA

Kwa nini basi kila mtu ana haraka? Jibu liko kwenye namna tiketi zinavyouzwa.

Zamani filamu ilianza kwenye majumba machache ya miji mikubwa, ikakaa miezi, kisha ikashuka wilayani. Leo filamu kubwa hufunguliwa siku moja kwenye maelfu ya skrini, kwa lugha tano. Lengo ni kukusanya fedha nyingi kabla watu hawajarudi nyumbani kuambizana kama ni nzuri au mbovu. Filamu mbovu yenye jina kubwa yaweza kurudisha sehemu kubwa ya gharama zake Ijumaa hadi Jumapili.

Tarehe nazo huchaguliwa kwa hesabu. Watelugu na Watamil hugombania Sankranti na Pongal, sikukuu za mavuno za Januari. Kerala husubiri Onam. Mumbai hupenda Idi, Diwali na Krismasi. Ni siku ambazo familia ziko pamoja na zina fedha mkononi.

Katika Andhra Pradesh na Telangana kuna jambo la ziada. Bei za tiketi huko zinasimamiwa na serikali za majimbo, lakini filamu kubwa huomba ruhusa ya kuzipandisha kwa siku za mwanzo na kufanya maonyesho maalumu ya usiku au alfajiri. Kwa Pushpa 2, Telangana iliruhusu nyongeza ya rupia 800 kwa kila tiketi ya onyesho la usiku wa Desemba 4. Wanaonunua tiketi hizo huwa ni mashabiki wanaotaka kuwa wa kwanza kabisa, na mara nyingine wazazi wanaobembelezwa na watoto wao.

Baada ya kifo cha mama yule, Waziri Kiongozi wa Telangana alitangaza bungeni kwamba maonyesho maalumu na bei za kupandishwa hayataruhusiwa tena. Ahadi hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata baadhi ya filamu kubwa ziliruhusiwa tena kupandisha bei.

Mahakama Kuu ya jimbo hilo nayo iliingilia kati. Januari 2025 iliagiza kwamba watoto wa chini ya miaka 16 wasiingizwe sinema kabla ya saa 5 asubuhi wala baada ya saa 5 usiku. Wenye majumba walilalamika kwamba wanapoteza wateja wa familia, na Machi mwaka huohuo zuio hilo likaondolewa. Uamuzi ukabaki pale ulipokuwa mwanzo, mikononi mwa mzazi.

Upo pia ushahidi kwamba bei ndiyo inayozifungia familia nje. Septemba 23, 2022, majumba mengi ya India yalikubaliana kuuza tiketi kwa rupia 75 tu kwa siku moja. Watu wapatao milioni 6.5 walijitokeza siku hiyo. Familia ya watu wanne ambayo haiwezi kulipa rupia 1,600 kwa jioni moja, iliweza kulipa 300.

Jimbo la Karnataka lilijaribu kuligeuza jambo hilo kuwa sheria. Septemba 2025 liliweka kikomo cha rupia 200 kwa tiketi, kabla ya kodi. Wenye majumba na watayarishaji walikwenda mahakamani, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wake.

ZILIZOPANDA NGAZI POLEPOLE

Mapato ya filamu yana umbo. Filamu ya mashabiki hufunguka kwa kishindo, kisha hushuka kila siku inayopita. Filamu inayobebwa na familia hufanya kinyume. Huanza kwa unyonge, halafu mama anamwambia jirani, mwalimu anawaambia walimu wenzake, na wiki ya pili inashinda ya kwanza.

Kantara ya Kikannada ni mfano mzuri. Ilitengenezwa kwa karibu krore 16 na kutolewa Septemba 30, 2022, kwa Kikannada peke yake. Inahusu kijiji cha pwani ya Karnataka, ardhi ya mababu, na ngoma ya mizimu inayochezwa huko usiku kucha. Sifa zilisambaa kwa mdomo, na wiki mbili baadaye ikatiwa Kihindi na lugha nyingine. Mwisho wake iliingiza karibu krore 400.

Mwaka 2016 Sairat ya Kimarathi, ya mwongozaji Nagraj Manjule, ilikuwa filamu ya kwanza ya lugha hiyo kuvuka krore 100. Waigizaji wake wakuu walikuwa vijana wasiojulikana kabisa. Inasimulia mapenzi ya msichana wa tabaka la juu na mvulana wa tabaka la chini.

Julai 2025 ilikuja Mahavatar Narsimha, filamu ya katuni iliyotokana na masimulizi ya dini ya Kihindu. Siku ya kwanza haikufikisha hata krore 3. Wazazi waliwapeleka watoto, watoto wakawasimulia wenzao, na filamu ikavuka krore 300. Hakuna katuni ya India iliyowahi kukaribia hapo.

Oktoba mwaka huohuo Kigujarati nacho kilipata zamu yake. Laalo – Krishna Sada Sahaayate ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana na haina nyota mkubwa. Steringi wake ni dereva wa bajaji. Wiki ya kwanza ilipita karibu bila kuonekana, lakini kufikia wiki ya nne ilikuwa ikijaza majumba, na hatimaye ikawa filamu ya kwanza ya Kigujarati kuvuka krore 100. Kigujarati si lugha ngeni huku, maana familia nyingi za Kiasia za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala huizungumza nyumbani.

Juu ya zote iko Dangal ya Aamir Khan, ya Desemba 2016. Inamhusu Mahavir Singh Phogat, baba wa jimbo la Haryana aliyewafundisha binti zake mieleka huku kijiji kikimcheka. Binti yake Geeta alishinda medali ya dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2010. Ilipooneshwa China mwaka 2017, wazazi na watoto wa huko waliijaza kwa wiki nyingi, hadi ikaingiza fedha nyingi zaidi China kuliko India. Jumla yake ni karibu krore 2,000, na kufikia mwisho wa 2024 hakuna filamu ya India iliyokuwa imeifikia.

Kupanda polepole hakumaanishi kwamba kila filamu ya aina hiyo inamfaa mtoto wa miaka sita. Sairat inaishia kwa mauaji yanayotisha. Kantara ina mapigano na damu. Faida ya kusubiri ni kwamba kufikia wiki ya pili watu wameshaiona, na mzazi anaweza kuuliza akapata jibu la kweli badala ya tangazo.

KERALA, GHUBA NA MBUZI WA JANGWANI

Filamu za Kimalayalam zina soko dogo nyumbani, lakini zina soko la pili ng'ambo ya bahari. Mamia ya maelfu ya watu wa Kerala wanafanya kazi Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar na Oman. Filamu ikitoka Kochi leo, inaoneshwa Dubai na Muscat siku hiyohiyo, na fedha za Ghuba huwa sehemu kubwa ya mapato yake.

Mwaka 2024 ulikuwa wa neema kwao. Manjummel Boys, kisa cha kweli cha vijana waliomuokoa mwenzao aliyetumbukia shimoni, iliingiza zaidi ya krore 200, mara ya kwanza kwa Kimalayalam. Watu wa Tamil Nadu waliijaza hata kabla ya kutiwa lugha yao.

Mwezi uliofuata ikaja Aadujeevitham, iliyoingiza zaidi ya krore 150. Imetokana na riwaya ya Benyamin ya mwaka 2008, kuhusu mtu wa Kerala aliyekwenda Saudi Arabia kutafuta kazi akajikuta akichungishwa mbuzi jangwani kama mtumwa. Familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zina binti au kijana aliyepanda ndege kwenda Ghuba kwa ahadi ya wakala. Kwa familia kama hizo, filamu hii ni mazungumzo ambayo pengine yangefanyika kabla ya pasipoti kukatwa. Ni nzito kwa watoto wadogo, lakini kijana wa kidato cha nne anaweza kuiangalia na wazazi wake.

Agosti 2025 Kimalayalam kilivuka hatua nyingine. Lokah Chapter 1: Chandra, ambayo shujaa wake ni mwanamke, aliyeigizwa na Kalyani Priyadarshan, ilifika krore 300. Haikuwa na steringi wa kiume wa kuibeba.

NAMBA KUBWA, CHETI CHA WATU WAZIMA

Kila filamu inayooneshwa kwenye majumba ya India hupitia bodi ya ukaguzi na kupewa cheti. U ni ya watu wote. A ni ya watu wazima tu, wa miaka 18 kwenda juu. Katikati iko UA, ambayo mtoto huiangalia kwa uangalizi wa mzazi, na tangu mwishoni mwa 2024 imegawanywa katika UA 7+, UA 13+ na UA 16+.

Dangal ilipewa U. Animal, filamu ya Kihindi ya Desemba 2023, ilipewa A kwa ukatili na mambo ya faragha yaliyomo. Hata hivyo iliingiza karibu krore 900. Mwongozaji wake, Sandeep Reddy Vanga, alianzia Kitelugu kwa Arjun Reddy ya 2017, akairudia kwa Kihindi mwaka 2019 kwa jina la Kabir Singh. Zote tatu zililaumiwa kwa namna mwanamume anavyomtendea mwanamke, na zote tatu zilipata fedha nyingi.

Agosti 2025 Coolie ya Rajinikanth ilipewa A. Watayarishaji walikwenda Mahakama Kuu ya Madras kuomba cheti kibadilishwe, kwa sababu watoto, ambao ni mashabiki wakubwa wa mzee huyo, walikuwa wanarudishwa mlangoni pamoja na familia zao. Mahakama ilikataa. Kwa maneno mengine, cheti kiliwagharimu fedha, na bado kikabaki.

Kwa mzazi wa huku hapa ndipo penye shida. Mlango wa jumba la sinema Chennai una mtu anayeangalia umri. Flashi ya mtaani haina mtu huyo, wala kikundi cha Telegram, wala kibanda umiza chenye benchi za mbao na kiingilio cha shilingi chache. Filamu ikishatolewa kwenye sinema, ikakatwa, ikasimuliwa kwa Kiswahili na kugawiwa kwenye simu, cheti chake hubaki India. Kinachosafiri nayo ni namba tu: krore 900.

ANACHOWEZA KUFANYA MZAZI

La kwanza ni kuuliza lugha ya asili ya filamu. Jina la filamu pamoja na neno kama Kitelugu au Kimalayalam likiandikwa kwenye intaneti huleta habari zake haraka kuliko kutafuta "filamu mpya ya Kihindi".

La pili ni kutafuta cheti chake, ambacho huandikwa kwenye ukurasa wa filamu katika programu nyingi za kuangalia filamu na kwenye tovuti za tiketi. Kenya ina alama zake kupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa alama hizo kwa dakika tano.

La tatu ni kuangalia filamu ilianzaje na iliendeleaje. Iliyopata nusu ya fedha zake zote siku tatu za mwanzo ilinunuliwa na mashabiki kwa jina la nyota. Iliyopanda wiki ya pili na ya tatu iliuzwa na watu waliotoka ndani wameridhika.

La nne ni kukaa na mtoto wakati wa kuangalia. Filamu za India huzidi saa mbili na nusu, na Animal inapita saa tatu na dakika 20. Ni muda mrefu wa kumwachia mtoto simu peke yake. Wakiangalia pamoja, swali la "kwa nini anampiga?" hupata mtu wa kulijibu papo hapo.

Nafasi ya kujaribu hayo haiko mbali. Septemba 2025 Rajamouli, yule wa Baahubali na RRR, alileta kikosi chake Kenya kupiga picha za filamu yake mpya ya Kitelugu, zikiwemo za Maasai Mara. Baadaye ilitangazwa kwa jina la Varanasi, na ilipangwa kutolewa 2027. Itakapotoka, watoto wa Afrika Mashariki watakuwa na sababu ya pekee ya kuitaka, kwa kuwa wataziona mbuga zao kwenye skrini za dunia nzima.

Wengi watataka kuiona usiku wa kwanza. Wiki ya pili Maasai Mara itakuwa bado imo ndani yake, tiketi itakuwa rahisi zaidi, na mlangoni watu watapanga foleni bila kusukumana.